Faida yangu ya Metorex niliihesabu mara tatu

Hisa zangu zilikuwa 2,000 tu, na zilikaa kwa jina la shemeki (shemeji) wangu wa Johannesburg. Metorex ilikuwa kampuni ya madini ya Afrika Kusini, lakini mgodi wake wa Ruashi uko hapa hapa Lubumbashi. Niliwaza: kama vumbi la malori yao linaingia kwenye bukari (ugali) yangu, basi nami nile kwao.

Aprili 2011 Vale ya Brazili ikataka kuinunua kampuni nzima kwa randi 7.35 kwa hisa. Julai Jinchuan ya China ikapanda hadi 8.90, na Vale ikaacha. Jioni ile ile nilichukua kaye (daftari) ya mtoto, nikatoa 7.35 kwenye 8.90, nikagawanya: asilimia 21! Majirani wakanywa bia ya Simba baridi kwa pesa yangu. Nilipompigia shemeki, alicheka mpaka uniti zangu zikaisha. "Shemeki, kwani wewe ulinunua kwa 7.35?"

Bei ya Vale haikunihusu hata kidogo. Mimi nilikuwa nimenunua mara mbili: hisa 1,500 kwa randi 4, kisha 500 kwa 6.40, wakati kila mtu alishaanza kuzizungumzia.

Hapo akatokea mwalimu mmoja wa mtaani, yule asiyekosa jibu. Jumlisha 4 na 6.40, gawa kwa mbili, bei yako ni 5.20. Nilimwamini siku mbili nzima, kaye imejaa. Siku ya tatu nilikuwa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, namwangalia mama wa nyanya akipanga mafungu. Alinunua ndoo tatu kwa bei ndogo na moja kwa bei kubwa. Nikamwuliza ndoo moja imemgharimu ngapi. Hakushika hata biki: alijumlisha pesa yote iliyomtoka, akagawa kwa ndoo nne. Nikarudi nyumbani mbio. Randi 6,000 na 3,200 ni 9,200, kwa hisa 2,000 ni 4.60! Mwalimu alikuwa ameninyima senti 60 kwa kila hisa. Ongeza kamisheni ya wakala na gharama za kutuma pesa, kama randi 400. Jinchuan wanalipa 17,800. Faida 8,200 hivi, yaani asilimia 85. Nikatembea kifua mbele.

Kumbe hesabu ilikuwa bado. Mimi nalipa nyumba kwa dola, siyo kwa randi. Nilipokuwa nanunua, dola moja ilikuwa randi 7.3 hivi, kwa hiyo zilinitoka dola 1,300 na kitu. Julai randi ilikuwa na nguvu, karibu 6.8 kwa dola. Shemeki akaniambia niuze kwenye soko la hisa mara moja, hata kwa bei iliyo chini kidogo ya 8.90. Nikamjibu haraka haraka haina baraka, siwezi kuwaachia Wachina senti zangu.

Vibali vya kuuzwa kwa kampuni vikakawia. Pesa iliingia Januari 2012, randi 8.90 kamili kwa kila hisa, na dola imefika randi 8. Nikashika dola 2,200 na kidogo. Faida ya dola 900, asilimia 70 hivi. Shemeki aliuza zake Julai. Kama ningemfuata, ningekuwa na dola 2,500 mkononi.

Mpaka leo akinipigia simu, kabla ya salamu ananiuliza: "Shemeki, baraka imefika randi ngapi?"