Viputo vya oksijeni

Leo, katika kutenganisha maji kwa umeme, elektrodi (kipande cha metali kinachopitisha umeme majini) ya nikeli na chuma imeanza kutoa viputo vya oksijeni mapema, yaani kwa volti ndogo, kuliko ile ya nikeli tupu, nami nimebaki nimeikodolea macho. Kinadharia, kutenganisha maji kuwa hidrojeni na oksijeni kunahitaji volti 1.23. Kiuhalisia huzidi hapo, na ziada hiyo ni umeme wa jua au upepo unaopotea bure. Kichocheo kizuri, yaani metali ya elektrodi inayorahisisha mmenyuko, huipunguza. Metali ya iridiamu inaiweza kazi hiyo hata ndani ya asidi, lakini ni adimu mno. Nikeli na chuma vinataka alkali, sawa, ila vipo tele! Kinachonishangaza zaidi: chembe chache za chuma zilizomo kama uchafu kwenye potasiamu hidroksidi, alkali tunayoitumia, zinatosha kuibadilisha nikeli kabisa. Ndiyo maana tunausafisha mmumunyo kwanza, kabla ya kulinganisha chochote.