Michirizi ya Ubavuni

Ilikuwa likizo ya Aprili, 1994. Kaskazi imekwisha, kusi haijakaza, bahari imetulia kama maji ya ndooni. Nilikuwa kidato cha tatu, na mjomba alikuwa amekubali hatimaye nimfuate kuvua.

Tuliswali alfajiri, tukatoka Bandari ya Kale, tukaipita Fort Jesus, hadi nje ya mwamba upande wa Nyali. Jarife, wavu wake wa papa, lilikuwa limelala huko tangu magharibi. Tulipoanza kulivuta lilikuwa zito mno. Baharia wa mjomba akasema ni papa, tena mkubwa, akaanza kutaja bei.

Alikuwa pomboo. Uzi wa nailoni ulikuwa umemkaza mkiani na kwenye pezi, na tundu lake la pumzi juu ya kichwa lilikuwa limefumba. Pomboo hana matamvua. Lazima apande juu kuvuta hewa kama wewe na mimi, na jarife lilikuwa limemshikilia chini. Tulikuwa tumemfisha maji mnyama aliyezaliwa baharini. Niliigusa ngozi yake: laini, imekaza, kama mpira wa ndani wa gurudumu ukiwa umelowa.

Mjomba akampapasa tumboni, karibu na mkia, penye mipasuko miwili midogo kushoto na kulia. Chuchu za pomboo hukaa humo, zimefichwa. Akabinya kidogo. Yakatoka maziwa, mazito kama tui la kwanza, yakaelea juu ya maji kabla ya kutawanyika.

"Tizama, mwanangu. Huyu anyonyesha."

Hapo ndipo tulipousikia mpumuo nyuma yetu, mfupi na mkali. Kilikuwa kitoto cha kama mita moja, kikizunguka mashua. Kilikuja mpaka ubavuni mwa mamake, kikajipanga sambamba naye kama waogeleavyo wanapokuwa safarini, kikangoja. Kikazama, kikarudi pale pale. Kilikuwa na michirizi myeupe ubavuni, imeshuka wima kutoka mgongoni. Nikadhani ni majeraha ya jarife.

Baharia akauliza kama tumkate mama awe chambo cha papa. Wengi walifanya hivyo, wala sikumlaumu. Mjomba hakumjibu. Alichomoa kisu akalikata jarife lake mwenyewe, jicho kwa jicho, kazi ya karibu saa nzima, kisha tukamwachia mamake taratibu. Akashuka, na kitoto kikamfuata chini.

Njiani kurudi mjomba aliniuliza, "Hawa huchukua mimba miezi mingapi?"

"Sijui, mjomba."

Darasani nilikuwa wa kwanza katika baiolojia. Nilijua mimba ya ng'ombe na ya sungura. Ya mnyama wa mlangoni petu hakuna aliyekuwa amenifundisha, na swali lile lilinikaa kooni miaka sita.

Nikiwa chuo kikuu ndipo nilipolipata jibu, na nilipokuja Mombasa kwa likizo nilikwenda moja kwa moja barazani kwake. Nikamwamkia, nikamweleza kabla kahawa haijaletwa. Mimba ni miezi kumi na miwili. Huzaa mmoja tu, ambaye kwa kawaida hutanguliza mkia. Humnyonyesha mwaka mzima na zaidi, na mtoto huendelea kuandamana na mamake akijifunza kuwinda, kwa hiyo kati ya uzazi mmoja na mwingine hupita miaka mitatu, pengine zaidi. Si kama changu au tasi, wanaotaga mayai kwa maelfu. Akifa jike mmoja, bahari huchukua miaka kumrudisha.

Mjomba alihesabu kwa vidole, polepole, akarudia tena. Jarife alikuwa ameliacha zamani, siku hizi alikuwa mtu wa mshipi na dema.

"Na ile michirizi ya yule mdogo?"

Nikamwambia haikuwa majeraha. Mtoto wa pomboo hukaa tumboni amejikunja, na akizaliwa ngozi hubaki na alama za mikunjo ile. Hufutika polepole, miezi ikipita.

Alikishika kikombe muda mrefu bila kunywa.

"Kumbe," akasema, "alikuwa hajakunjuka bado."