Bahari haina habari

Tangu Jumapili jioni nina sentensi moja kichwani. Nikipiga mswaki ipo, nikipanda bajaji kwenda kazini ipo. Mjomba aliisema akiwa amekaa kwenye mkeka kibarazani, kikombe cha kahawa mkononi, macho kwenye kompyuta yangu:

"Mwanangu, taa inawaka, lakini bahari haina habari nayo."

Mnaojua habari za nahodha wangu wa udongo, mwanasesere wa filamu ninayoitengeneza picha kwa picha, mnajua ninavyohangaika naye tangu mwaka jana. Kipande nilichomwonyesha Mjomba ni kile cha usiku wa giza: mashua ya boksi, bahari ya nailoni, nahodha kainama anangoja dagaa waje kwenye karabai, ile taa ya kupigwa pampu. Sekunde 14. Napiga picha 12 kwa kila sekunde ya filamu, kila picha inakaa fremu mbili kati ya 24 za sekunde hiyo, kwa hiyo ni picha 168, na katika kila moja nimemsogeza kwa kidole. Taa yenyewe haikuwaka wakati wa kupiga. Kile kibalbu kidogo kiliungua siku ya kwanza, nikasema nitaiweka baadaye kwenye kompyuta. Nikaiweka: duara la rangi ya machungwa, ukungu pembeni, nikaifanya ichezecheze kama moto. Niliipenda mno. Nilimsubiri Mjomba arudi kutoka Sahare, Tanga, nimwonyeshe yeye wa kwanza, kabla hata ya Mama.

"Shikamoo Mjomba, hebu njoo uone."

"Marahaba."

Akatazama mara mbili kimya. Mara ya tatu ndipo akaitoa hiyo sentensi. Nikamuuliza, haina habari vipi?

"Karabai ukiiweka ubavuni mwa chombo, maji yanageuka. Yanakuwa kijani, unaona mpaka ndani. Na wewe uliyeinama unawaka kidevu. Huyu wako kidevu kimelala." Akanywa kahawa. Halafu, kwa upole ambao ndio ulioniuma zaidi: "Na karabai haichezi hivyo, mama. Hicho ni kibatari."

Nikasema ahsante, nikafunga kompyuta, nikaenda jikoni kuosha vyombo ambavyo vilikwisha kuoshwa.

Wiki imekwenda na mambo yake, posa ya mdogo wangu imepokelewa, ofisini tumehamia jengo jipya, na mimi bado niko kwenye kibaraza kile. Kidevu kimelala. Mjomba amevua dagaa katika bahari hii tangu mimi sijazaliwa, anajua giza la mwezi mchanga kama ninavyojua njia ya kwetu. Nilimwita kwa sababu hiyo hiyo. Na bado nilitaka aseme "nzuri" tu, basi, anywe kahawa yake.

Jumatano usiku umeme ulikatika. Bibi akawa anapuliza mkaa barazani, nami nimekaa mbele yake sina la kufanya. Mkaa ulikuwa mwekundu, lakini uso wa Bibi haukuwa mwekundu. Ulikuwa wa Bibi, weusi wake ule ule, umepata uhai tu, kuanzia kidevuni kwenda juu. Nikamtazama mpaka akaniuliza nina nini.

Umeme uliporudi sikulala. Mimi taa nilikuwa nimeibandika. Tabaka lake nilikuwa nimelijumlisha: programu inachukua mwanga wa tabaka la juu na kuuongeza juu ya picha ya chini. Kwa taa yenyewe na ukungu wake hiyo ni sawa kabisa. Ila nilipojumlisha mwanga ule ule usoni kwa nahodha, akawa kama aliyepakwa unga. Mwanga unaomwangukia mtu hurudi na rangi ya mtu. Kwa hiyo usoni nikaacha kujumlisha, nikazidisha: nachora maski, yaani mpaka wa kuzunguka kidevu na shavu, ndani yake napandisha mwangaza wa picha yenyewe, na kahawia ya udongo inapanda nao. Nashukuru nilipiga picha ghafi, zile zinazohifadhi kila ilichokiona kamera. Kumbe mle gizani kidevu kizima kilikuwemo, mpaka alama ya ukucha wangu.

Maji nayo. Nilikuwa nimetandaza mwanga sawasawa kama taa ya ukumbini, wakati umbali ukiwa maradufu mwanga unabaki robo. Sasa kijani ni kikali ubavuni mwa mashua, halafu giza linafika haraka. Rangi ya machungwa nimeitoa, nimeweka nyeupe. Kuchezacheza nimekufuta, taa inayumba pale mashua inapoyumba, basi. Na iyumbe pamoja na nahodha: mwanzo taa ilikuwa inabadilika mara 24 kwa sekunde, mwili wake mara 12, ndiyo maana ilikuwa kama inaelea juu ya picha. Mwishoni nikaifanya ififie taratibu, kama karabai iliyopungua upepo.

Maski 168. Nimemaliza leo alfajiri, macho yanawasha, na nina furaha ambayo sijui niiweke wapi.

Mjomba alikuja baada ya magharibi. Sikumwambia nimebadilisha nini. Alitazama mara moja, akakishika kioo kwa kidole, pale nahodha anapoanza kuzama gizani.

"Mwambie apige pampu, dagaa watatawanyika."

Mwambie! Hakusema "tengeneza". Nimeshahesabu: sekunde mbili zaidi, picha 24, mkono wa kulia unashuka na kupanda, na kila ukipanda mwanga unarudi kidogo, kidevu kwanza. Kesho nafungua boksi la mashua.

Bibi hajaulizia kahawa yake tangu juzi. Jana nilimwekea bila kuulizwa, na leo pia, na mara zote mbili nimeikuta imepoa palepale.