Kompyuta ya nyumba, Langoni: kumbukumbu ya mradi hadi sai

Mradi wenyewe ni huu. Kuna kompyuta ya mezani, Core 2 Duo ya zamani, RAM GB 4, ilikuwa imekaa juu ya kabati hapa kwetu Langoni, Amu (Lamu), tangu mwenyewe ahamie Mombasa, na kila mtu alishaihukumu kwamba ni ya watu wa vyuma. Nimeishusha niifanye ya nyumba nzima, mama, bibi, watoto wa dada, yeyote atakayekaa. Sharti nililoweka ni moja: programu itakayoingia humu iwe ya bure na ifanye kazi intaneti ikiwa imezimwa kabisa. Bando ni pesa, na hata ukiwa na bando mtandao wenyewe hapa Amu una siku zake. Kwa hiyo kila programu naijaribu waya wa intaneti ukiwa nje, ikigoma inatoka, hakuna mjadala.

Vyuma kwanza. Hewa ya bahari haina huruma, meno ya RAM yalikuwa meusi, nikayapangusa taratibu na raba ya shule na ikawaka. Halafu kale kabetri ka duara, CR2032, kalikuwa kamekufa kitambo. Kanaonekana hakana maana lakini ndiko kanakoshika saa kompyuta ikiwa haina stima, na saa ikirudi nyuma miaka kivinjari kinakataa kufungua saiti, kinakwambia si salama, maanake vile vyeti vya usalama vya saiti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Watu wanabadilisha Windows nzima kwa sababu ya betri hii walla. Nimetia pia SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, ndogo ya GB 120 kuukuu, na kama una pesa ya kitu kimoja tu kwa kompyuta ya zamani basi nunua hiyo, utaona tofauti kabla hata hujagusa programu.

Mfumo: Linux Mint, ile nyepesi ya Xfce. Windows 7 iliyokuwemo Microsoft waliacha kuipa masasisho ya usalama Januari 2020, Windows 10 nayo muda wake umeisha Oktoba 2025, na 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 ambayo hiki chombo hakijui hata ni nini. Mint yenyewe wanasema GB 2 za RAM zinatosha ila GB 4 ndio afadhali, kwa hiyo sisi tuko kwenye afadhali. Faili lake ni karibu GB 3, hilo nililishusha Malindi nilipokwenda kwa shughuli zangu, pahali penye waifai ya nguvu, nikarudi nalo kwa flashi iliyotiwa Ventoy. Ventoy naipenda kwa sababu huchomi flashi kila mara, ukishaitayarisha unatupia tu mafaili ya mifumo (ISO) ndani hata matatu manne halafu ukiwasha inakuuliza unataka lipi. Na Mint unaweza kuiwasha kutoka kwa flashi bila kuinstoli, ukajaribu sauti, printa, waifai, ukiona mambo sawa ndio unaiingiza. Msikilize mtu yeyote akikwambia ruka hiyo hatua, halafu usimfuate.

Kitu cha kwanza walichokiona watu wa nyumbani si uzuri wake, ni flashi. Hapa mtu akipeleka flashi saiba kuprinti inarudi na ile virusi ya kugeuza mafolda yote kuwa njia za mkato, unabonyeza hakuna kitu, watoto wanalia kazi ya shule imepotea. Kwenye Mint unaichomeka tu, na mafaili yako pale pale, hayajaenda popote, yalikuwa yamefichwa kwa Windows tu, na zile njia za mkato za Windows humu hazina la kufanya. Sai majirani wananiletea flashi kama mimi ndiye daktari.

LibreOffice, programu za kuandika barua na kupiga hesabu, inakuja nayo. Mamangu ndiye anaweka hesabu ya upatu wao, alikuwa na daftari, nimemtengenezea shiti ya Calc yenye majina na zamu, nikamwambia mama utaandika tu kwenye hizi seli nyeupe, akaniambia haya baba, daftari nalo silitupi. Sawa. Barua zilikuwa na kisirani kimoja, ukiandika hapa ukifungua kwenye Word ya saiba mistari inahama. Sababu mara nyingi ni fonti, Calibri haimo humu, lakini kuna Carlito ambayo upana wa herufi zake ni ule ule wa Calibri, na Liberation ambazo ni saizi ya Arial na Times New Roman, ukiandika na hizo mistari haihami hovyo. Ya kuprinti unaitoa PDF umemaliza maneno. Ina na kamusi ya kukagua tahajia ya Kiswahili, inasaidia, ila ukiandika Kiamu inachora nyekundu ukurasa mzima, bibi akacheka sana akasema hiyo mashine ni ya bara. Miaka ya 2000 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliigeuza OpenOffice, ambayo ndiyo mama wa hii LibreOffice, yote ikawa Kiswahili wakaiita Jambo OpenOffice, kazi kubwa sana ile na leo ukiuliza vijana hawaijui.

Sasa kwenye Audacity, programu ya kurekodi na kusafisha sauti, ndiko muda wangu wote umekwenda. Marehemu babu aliacha sanduku la kaseti, vugo za arusi (nyimbo za wanawake zinazopigiwa pembe kwa vijiti), maulidi, sauti za watu wengi ambao hawako tena, na kaseti za hapa zinafanya ukungu kila mwaka ukipita. Audacity ilianzwa na Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg pale Carnegie Mellon, ikatoka kwa watu mwaka 2000, ni ya bure mpaka leo. Nimechukua waya wa 3.5 mm pande zote mbili, kutoka tundu la hedifoni la dekka ya kaseti hadi tundu la buluu nyuma ya kompyuta. Si lile la waridi! La waridi ni la maiki, linakuza sauti na mara nyingi ni la upande mmoja tu, ndio maana wengi wanaorekodi kaseti sauti inatoka imepasuka. Volyumu ya dekka naipunguza mpaka vilele vya sauti vicheze karibu na -6 dB, ukipita sifuri kilichopasuka hakishoneki tena.

Mambo ya nafasi pia uyajue mapema. WAV ya kawaida ya stirio ni kama MB 10 kila dakika, na Audacity ikiwa inafanya kazi kwa 32-bit inakula mara mbili ya hiyo, kwa hiyo upande mmoja wa kaseti ya dakika 90 unakaribia GB nzima kabla hujatoa kitu. Kaseti nyingi za babu zilirekodiwa kwa redio yenye maiki moja, kwa hiyo narekodi mono na nusu ya mzigo inaondoka pale pale. Ya kuhifadhi natoa FLAC, haipotezi kitu na ni ndogo kuliko WAV, na ya kutumia simu natoa MP3 kwa sababu shangazi zangu wanaitaka kwa WhatsApp na wanaitaka leo.

Kelele ile ya ssss: unachagua sekunde chache pahali ambapo hakuna mtu anayeimba, unaiambia Audacity hii ndiyo kelele, halafu unachagua yote na kupunguza. Nimekaa kwenye 6 dB na siongezi. Ukiongeza zaidi ile kelele inakwisha kweli lakini mwimbaji anakuwa kama yuko ndani ya pipa la maji, na pembe za vugo zinapoteza ule mlio wake, na pembe ndiyo vugo. Bibi ndiye hakimu, namchezea zote mbili, ya 6 dB na iliyozidi, bila kumwambia ipi ni ipi, kila mara anachagua ile iliyobakiwa na kelele kidogo. Vile vile naweka kasa pale wimbo unapoanza, nabonyeza Ctrl na B naandika jina, bibi ananitajia anayeimba na arusi ilikuwa ya nani, mwisho Audacity inakata mafaili yenyewe kwa majina hayo. Stima ilikatika katikati ya upande mmoja, nilipowasha tena ikaniuliza niirudishe kazi, ikarudi karibu yote.

VLC sina la kusema, inacheza kila kitu. GIMP nimeiweka kwa ajili ya kupunguza picha, nzito kidogo kwa hiki chombo. Watoto wamepewa Tux Paint ya kuchora na wanagombania mausi.

Kiwix ni ya lazima. Inasoma Wikipedia nzima iliyofungwa kwa faili moja bila intaneti. Ya Kingereza na picha zake inapita uwezo wa diski yangu, hiyo inazidi GB 100, lakini ya Kiswahili ni ndogo, imeingia bila shida, na kuna mafaili ya mada moja moja kama udaktari. Kazi za shule sai zinafanywa hata siku mtandao umelala.

Stellarium, programu ya kuonyesha nyota za anga, niliiweka kwa kupenda kwangu, nikatia Lamu, digrii 2 na kidogo kusini, karibu 41 mashariki. Mzee mmoja jirani, nahodha mstaafu, akaja kuona. Nikamuuliza ile methali ya kilimia, kile kikundi cha nyota: babu, kilimia kikizama kwa jua? Akanijibu bila kungoja, huzuka kwa mvua. Basi nikapeleka saa mbele siku kwa siku tukakitazama kinashuka magharibi jioni, mwezi wa tano kimemezwa na jua hakionekani, halafu Juni kinatokea mashariki kabla ya alfajiri. Akakaa akaniamrisha, nyuma kidogo, mbele, simama hapo. Akasahihisha pia kwamba kutoka kwake nyumbani minazi ingekiziba, hilo programu haijui. Ameuliza kama inaweza kuonyesha anga ya siku aliyowahi kutoka Amu kwenda Kismayu, nikamwambia nipe tarehe babu, amekwenda kuitafuta kwenye makaratasi yake.

Kilichotolewa: programu moja ya hesabu iliyotaka nifungue akaunti ndio ifunguke, na Firefox haijatolewa lakini tabo nyingi haiwezi, video nzito inakwama, hiyo ni haki ya umri. Kinachofuata ni belti ya dekka, imeanza kulegea na mwendo unayumba, nimeagiza mpya Mombasa, ikifika naanza lile fungu la kaseti za maulidi, na hadi hapo hakuna kurekodi.