Bodi mpya, Windows ya zamani

Kampala hii, kompyuta ikiongezwa kitu chochote fundi ana jibu moja: tupige Windows upya. Nikilifikiria hilo naona mara nyingi ni haraka tu. Ukitoa ramu ya GB 4 ukaweka GB 8, hakuna cha kupiga upya, washa, itasomeka. Ukitoa diski ya kuzunguka ukaweka SSD, nakili diski nzima kwa programu ya kunakilia na kila kitu kitakuwa pale kilipokuwa. Kinachodai mfumo mpya hasa ni bodi mama, ile inayobeba prosesa na ramu. Na bodi sasa zinabadilishwa kwa wingi, maana huduma ya Windows 10 ilifika mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka TPM 2.0 (sehemu ya usalama ya kompyuta inayotunza funguo) pamoja na prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda juu.

Hapo watu huliwa pesa. Kompyuta za mezani za Dell OptiPlex 3050 za mtumba nyingi zina i5 ya kizazi cha 7, soketi LGA1151. i5-8500 nayo imeandikwa LGA1151, na inakaa kwenye soketi vizuri kabisa, lakini bodi zenye chipseti (chipu zinazoongoza bodi) za mfululizo wa 100 na 200 haziitambui: feni itazunguka, skrini itabaki nyeusi. Inahitaji bodi ya mfululizo wa 300. Usinunue prosesa kabla hujajua bodi. Na ramu usiibebe kwenye kaveera, ule mfuko wa plastiki unazalisha umeme tuli.

Kazi yenyewe iko kabla ya kushika bisibisi, mashine ya zamani ikiwa bado inawaka. Fungua dirisha la amri uandike slmgr /dli. Ukiona OEM (ya kiwandani), leseni hiyo imefungwa kwenye bodi ya zamani na itabaki nayo. RETAIL (ya dukani) inaweza kuhama, ila iunganishe kwanza na akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. VOLUME_KMSCLIENT ni ya shirika, na kwenye mitumba utaikuta sana. Hiyo usiihesabu kuwa ni yako, panga bei ya leseni mapema. Halafu angalia kama BitLocker, kufuli ya diski ya Windows, imewashwa. Ufunguo wa kufungulia diski hutunzwa kwenye TPM, kwa hiyo bodi ikibadilika diski itadai namba ya tarakimu 48. Nakili namba hiyo kwenye karatasi, au zima BitLocker usubiri ifungue diski yote.

Nakala ndiyo inayoumiza, kwa sababu watu hunakili Documents na Desktop wakadhani wamemaliza. Mashine za wachapaji wa Nasser Road ni mfano mzuri: fonti ambazo mtumiaji ameziweka mwenyewe hukaa ndani ya AppData\Local\Microsoft\Windows\Fonts, folda iliyofichwa. Fonti zikipotea, kadi ya harusi ya mwaka jana ikifunguliwa inatoka na herufi za ajabu. Programu za hesabu nazo hupenda kuweka data ndani ya ProgramData au folda yao wenyewe juu kabisa ya C. Mimi ningechukua wasifu wote kwa amri ya kunakili ya Windows, robocopy C:\Users E:\nakala /E /XJ /R:1 /W:1. Hiyo /XJ usiiache: bila yake robocopy huingia kwenye folda za Windows zinazoelekeza kwenye folda nyingine (junction) na kuzunguka humo bila kutoka. Programu za kulipia zinazohesabu mashine, ondoa usajili wake sasa, wakati bado unaweza kuzifungua.

Flashi ya kusakinishia Windows iwe ya GB 8 au zaidi. Kando ya Windows weka draiva za LAN na Wi-Fi za bodi mpya.

Kabla ya kuwasha, pima betri ndogo ya CR2032 kwenye bodi. Nzima inasoma volti 3 hivi. Ikichoka, BIOS (programu ya bodi inayowasha mashine) husahau mipangilio kila umeme unapokatika: tarehe inarudi nyuma na uthibitisho wa leseni unakataa. Baya zaidi, hali ya SATA (jinsi bodi inavyoongea na diski) uliyoiweka AHCI inaweza kurudi kuwa RAID, na Windows inaangukia skrini ya buluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Wengi hapo hupiga Windows tena, kumbe ni betri. Ndani ya BIOS chagua AHCI na UEFI (njia mpya ya kuwashia) kabla ya kuanza, wala usiziguse tena.

Chomoa diski nyingine zote, ibaki ile moja unayoiwekea Windows. Usipofanya hivyo, kisakinishi kinaweza kuweka sehemu ya kuwashia kwenye diski ya zamani; siku ukiitoa, mashine haiwaki. Kisakinishi kikilalamika kwamba diski ni ya MBR (mpangilio wa zamani wa diski), futa sehemu zake zote kisha ukiache kiigeuze GPT, ule mpya. Angalia pia salio la Yaka, umeme wa kulipia kabla, kwa sababu kompyuta ya mezani isiyo na UPS ikizimika katikati unaanza mwanzo.

Windows 11 itadai intaneti. Kama draiva ya Wi-Fi haipo, chomeka simu ya Android kwa waya wa USB ushiriki data. Inasomeka kama LAN bila draiva ya ziada. Tatizo ni kwamba Windows huichukulia kama waya usio na kikomo na kuanza kushusha masasisho, bando likayeyuka. Ukifika kwenye mipangilio, kwanza iambie muunganisho huo unahesabiwa (metered), ndipo ufanye mengine.

Leseni ikikataa, ingia kwenye ukurasa wa uthibitisho, chagua utatuzi, sema umebadilisha vifaa hivi karibuni, kisha ingia kwa ile akaunti ya Microsoft. Diski ya zamani usiifute hadi mhasibu afunge hesabu za mwezi, kwani folda iliyosahauliwa huulizwa wakati huo.