19 ya Adele: vyombo vinapopungua, sauti inajitokeza

Watu wengi siku hizi huifikia 19, albamu ya kwanza ya mwimbaji wa Uingereza Adele, kinyumenyume. Wameanza na 21, albamu yake ya pili, wakaipenda, ndipo wakataka kujua huyu mtu alitokea wapi. Wakiisikiliza 19 kwa njia hiyo wanaiona kama mazoezi ya kujiandaa kwa kazi kubwa iliyofuata. Albamu hii inaonewa. Ilitoka tarehe 28 Januari 2008 chini ya lebo ya XL Recordings, ina nyimbo 12 na dakika 43 na ushei, na jina lake ni umri aliokuwa nao mwandishi wake alipotunga sehemu kubwa ya nyimbo hizo. Ndani yake kuna nyimbo kama sita ambazo ningeziweka mezani pamoja na chochote alichowahi kuimba baadaye. Karibu zote ni zile zenye vyombo vichache.

Ukitaka kuelewa kwa nini, anza kwa kuangalia nani alikaa nyuma ya mitambo. Jim Abbiss, aliyekuwa ametoka kutengeneza albamu ya kwanza ya bendi ya roki ya Arctic Monkeys, alisimamia nyimbo nane. Eg White alisimamia tatu: "Chasing Pavements", "Melt My Heart to Stone" na "Tired". Mark Ronson alipewa mmoja tu, "Cold Shoulder". Hawa ni maprodyuza watatu wenye masikio tofauti kabisa, na ukisikiliza kwa makini utajua umehamia kwa nani hata kabla ya kiitikio kufika.

Abbiss anaiacha sauti peke yake. "Daydreamer", unaofungua albamu, ni gitaa la akustika na mtu anayeimba, basi. "Crazy for You" nao ni hivyo hivyo. "Best for Last" unaanza na besi inayodonolewa taratibu, halafu waitikiaji wanaingia kwa mtindo wa kanisani. "First Love" umebebwa na kinanda kidogo chenye mlio wa kengele, unaokufanya usikie hata namna anavyovuta pumzi. Mpangilio wa namna hii ni wa hatari kwa mwimbaji, kwa sababu hakuna pa kujificha: noti ikiteleza kidogo, kila mtu anasikia. Adele haogopi kuteleza. Anaziacha zile sehemu ambapo sauti ya kifua inakatika na kuruka kwenda sauti ya kichwa, na mkatiko huo ndio unaobeba uchungu. Mwimbaji mwingine angeusawazisha kwenye mchanganyo wa mwisho, na wimbo ungekuwa safi na mtupu.

White ni mtu wa ujenzi. "Chasing Pavements" unaanza kwa unyenyekevu, kisha fidla zinaingia, dramu zinaongezeka, na kiitikio kinafunguka. Ni kazi ya ustadi mkubwa na ndiyo iliyomfanya ajulikane. Lakini sikiliza kiitikio cha mwisho: nyuzi zimejaa kiasi kwamba zile tofauti ndogo za sauti, ile kukwaruza kidogo mwanzoni mwa neno, zinamezwa. Sauti ya Adele ina uzito mwingi katika eneo la chini na la kati, na hapo hapo ndipo selo na viola, zile fidla kubwa za mlio wa chini, zinapokaa. Vitu viwili vikigombania nafasi moja, prodyuza analazimika kuipunguza nguvu mojawapo. Kwenye "Melt My Heart to Stone" White alipata uwiano mzuri zaidi, na kwangu huo ndio wimbo wake bora humu. "Tired" ni mwepesi, unapita.

"Cold Shoulder" ni habari nyingine. Ronson analeta dramu kavu, fidla zenye makali na mwendo wa kuchezeka. Ni wimbo mzuri, ila ndio uliompa Adele mzigo asiostahili. Ronson alikuwa mmoja wa maprodyuza wawili wa Back to Black, albamu ya mwimbaji Amy Winehouse, iliyotoka 2006 na bado ilikuwa masikioni mwa kila mtu. Adele na Winehouse wote walisoma BRIT School, shule ya sanaa pale Croydon, London. Ongeza na mwimbaji Duffy, aliyetoa albamu ya Rockferry Machi 2008, ambaye wimbo wake "Warwick Avenue" Eg White alishiriki kuutunga. Kwa hiyo waandishi wa muziki Uingereza hawakuota tu walipowaweka wanawake hawa watatu kwenye kapu moja. Kulikuwa na watu wale wale nyuma ya pazia. Kosa lao lilikuwa kusikia mitambo na kusahau utunzi. Winehouse aliandika kwa ulimi mkali, akiwa mbele ya mambo. Adele wa 19 anaandika kama mtu anayezungumza na rafiki usiku, hajui bado afanye nini.

Mapokezi yenyewe yalianza kabla ya albamu kuwepo, na mtiririko wake unafaa kufuatwa hatua kwa hatua. Demo, yaani rekodi ya majaribio, ya nyimbo tatu aliyoifanya kwa kazi ya shule iliwekwa na rafiki yake kwenye mtandao wa kijamii wa MySpace, XL wakaisikia, na Septemba 2006 akasaini. Juni 2007 alikaribishwa kwenye kipindi cha muziki cha televisheni cha Later... with Jools Holland akiwa hana hata rekodi moja sokoni. Akaimba "Daydreamer" na gitaa lake, usiku ambao Paul McCartney na Björk nao walikuwa studioni. Oktoba mwaka huo ikatoka singo ya kwanza, "Hometown Glory", kwenye sahani ya inchi 7, nakala 500 tu, kupitia lebo ndogo ya mwanamuziki Jamie T. Desemba akatangazwa mshindi wa kwanza kabisa wa Critics' Choice, chaguo la wahakiki katika tuzo za muziki za Uingereza za Brit, na Januari 2008 akaongoza Sound of 2008, orodha ya BBC ya wasanii wapya wa kutazamwa. Duffy alikuwa wa pili.

Yote hayo yakampa kelele nyingi kabla ya kazi, na kelele hugeuka deni. "Chasing Pavements" uliingia namba 2 ukakwama hapo, msanii wa dansi Basshunter akiwa amekalia namba 1. Albamu yenyewe ilifika namba 1 Uingereza moja kwa moja. Wahakiki kwa jumla waliisifu sauti bila kusita. Manung'uniko yalikuwa kwamba nyimbo hazijafikia kimo cha sauti hiyo, na kwamba amesifiwa mapema mno. Lawama ya kwanza ina ukweli kwa nyimbo mbili tatu za nusu ya pili. Kwa "Hometown Glory" haina mashiko. Wimbo huo aliutunga akiwa na miaka 16, baada ya mama yake kujaribu kumshawishi aondoke nyumbani aende chuo kikuu. Piano inarudia mwendo mmoja karibu wimbo mzima, na mabadiliko yote yanaachiwa sauti na nyuzi zinazoingia polepole. Humu nyuzi hazimezi kitu, kwa sababu mwanzoni hazipo: zinapofika, sauti imeshajichukulia nafasi yake. Ulipotolewa tena katikati ya 2008 ulifika namba 19 Uingereza.

Tuzo za nyumbani hazikumfuata sana. Tuzo ya albamu ya Mercury ya 2008 aliteuliwa, ikaenda kwa bendi ya Elbow. Kwenye Brit za 2009, Duffy ndiye aliyeondoka na tatu. Marekani ndiko mambo yalikogeuka, na sababu yake ni siasa. Tarehe 18 Oktoba 2008 Adele alialikwa Saturday Night Live, kipindi cha vichekesho cha televisheni, usiku uleule Sarah Palin, mgombea mwenza wa John McCain katika uchaguzi wa urais wa Marekani, alipotokea kwenye kipindi. Watazamaji wakawa wengi kuliko ilivyowahi kuwa kwa kipindi hicho kwa miaka 14. Aliimba "Chasing Pavements" na "Cold Shoulder", na muda mfupi baadaye albamu ikapanda juu ya orodha ya mauzo ya iTunes. Februari 2009 akachukua Grammy mbili: Msanii Mpya Bora, na uimbaji bora wa kike wa pop kwa "Chasing Pavements". Baada ya tuzo hizo albamu ilipanda hadi namba 10 kwenye Billboard 200, orodha ya albamu ya Marekani. Miaka miwili baadaye, 21 ilipolipuka, 19 ilirudi kwenye tano bora za Uingereza. Adele akawa msanii wa kwanza aliye hai tangu The Beatles mwaka 1964 kuwa na albamu mbili na singo mbili kwenye tano bora kwa wakati mmoja.

Sasa wimbo ambao waimbaji wengi huuchukua kutoka humu: "Make You Feel My Love". Si wake, ni wa Bob Dylan, ulitoka kwenye albamu yake ya 1997, na meneja wa Adele, Jonathan Dickins, ndiye aliyempendekezea. Ulipotoka kama singo Oktoba 2008 uliishia namba 26. Mwaka 2010, baada ya kuimbwa kwenye shindano la The X Factor, ukapanda hadi namba 4. Tangu hapo umeimbwa harusini na mazishini, na mara nyingi unaharibiwa kwa namna zilezile.

Siri yake iko mkono wa kushoto wa piano. Kwa ufunguo wa Adele, yaani Bb (b ndogo ni bemoli, noti iliyoshushwa nusu hatua), besi inateremka hatua nusu nusu: Bb, A, Ab, G, Gb, F, kila noti ikikaa mapigo manne. Juu yake mkono wa kulia unapiga kodi za Bb, F, F ndogo (minor), Eb, Eb ndogo, kisha Bb tena, halafu C na F vinakurudisha nyumbani. Ile Eb kugeuka kuwa ndogo juu ya Gb ndiyo inayobana kifua. Wapiga piano wengi wanaona mwendo huu ni mwepesi mno, wanaanza kujaza mapambo katikati ya mistari. Ukijaza, mteremko haufuatiki tena na wimbo unakuwa wa kawaida. Acha noti za besi zilie hadi mwisho wa hesabu yake.

Upande wa sauti, kosa la kwanza ni kuanza kwa nguvu. Adele anaanza ubeti wa kwanza karibu na kusema. Ukiwa umeshatoa kila kitu mwanzoni, ukifika sehemu ya kati inayopanda huna mahali pa kwenda isipokuwa kupiga kelele. Kosa la pili ni kung'ang'ania ufunguo wake. Sauti yake iko chini kwa mwanamke. Mwenye sauti ya juu akiimba kwa Bb, mwisho wa mistari unazama. Pandisha ufunguo mpaka noti ya chini kabisa isikike vizuri bila kuikandamiza, hata kama utalazimika kuimba ya juu kwa sauti ya kichwa. La tatu ni kipaza sauti. Mwanzoni kiweke karibu, upana wa vidole vinne hivi, kwa sababu aina nyingi za vipaza sauti vya jukwaani huongeza sauti za chini kadiri mdomo unavyokaribia, na hapo ndipo ule ujoto unapopatikana. Unapopanda, rudi nyuma kidogo, la sivyo sauti itapasuka kwenye spika na fundi atakupunguza kwa wimbo wote uliobaki.

Kama bado hujanunua albamu hii, tafuta toleo lililoongezwa lenye diski ya pili iliyorekodiwa moja kwa moja Hotel Café, Los Angeles. Humo "Chasing Pavements" unaimbwa bila lile jeshi la fidla. Sikiliza toleo la studio kwanza, kisha hili, kwa spika zilezile na sauti ileile, na uangalie kiitikio cha mwisho: ile mikwaruzo midogo mwanzoni mwa maneno, iliyomezwa studioni, humu yote inasikika.