Mabamba na yule ndege wa kamongo

Jamani kama uko Entebbe au Kampala na hujafika Mabamba, mi naona unajinyima kitu. Ni ghuba ya kinamasi pembeni mwa Ziwa Victoria, mafunjo kila upande, unapanda mtumbwi unapenya vinjia vya maji vyembamba mpaka unamwona korongo domo-kiatu amesimama tu, mrefu zaidi ya mita moja, hatikisiki, anaweza kukaa hivyo muda mrefu sana akimvizia samaki aitwaye kamongo anayepanda juu kuvuta hewa, halafu ghafla anajirusha domo mbele. Sijaona ndege mwingine anayewinda hivyo.

Zamani wavuvi walikuwa wanamuua kabisa, eti ukimwona asubuhi siku hiyo nyavu zinarudi tupu, na pia wanagombania kamongo huyohuyo. Sasa hivi wengine waliokuwa wavuvi ndo waongoza watalii, wanamlinda maana ndiye anayewalipia ada za watoto. Kwa kweli hilo linanifurahisha kuliko hata picha. Mwaka 2006 eneo likaingia kwenye orodha ya Ramsar, yaani ya ardhioevu muhimu duniani, sawa, ila karatasi peke yake haizuii mtu kuchoma mafunjo apande viazi.

Na huyu ndege hazaliani haraka, mayai mawili hivi, mara nyingi kifaranga kimoja tu ndo kinapona. Kwa hiyo ukienda, tafadhali mwambie mwendesha mtumbwi asisogee karibu, hata kama wenzako wanataka selfi.